Abunuwasi yuko Utaridi: vipi washairi na wahusika wa hadithi hupata majina angani

Kwa aliyekulia Unguja au Pemba, Abunuwasi hahitaji kutambulishwa. Ni yule mwerevu aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo akidai imezaa, kisha safari ya pili akasema sufuria imekufa. Lipo jambo moja kumhusu ambalo wengi hawajalisikia. Kwenye sayari ya Utaridi, ile iliyo karibu zaidi na Jua na ambayo vitabu vingine huiita Zebaki, kuna kreta inayoitwa Abu Nuwas. Kreta ni shimo linalobaki baada ya jiwe kubwa la angani kuigonga sayari, na hii ina upana wa zaidi ya kilomita 100. Kisiwa cha Unguja, tangu Nungwi mpaka Kizimkazi, ni kilomita 85 hivi. Kingeingia chote mle ndani na nafasi ikabaki.

Jina hilo lilipitishwa mwaka 1976. Aliyekusudiwa ni Abu Nuwas wa historia, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, kabla masimulizi hayajamgeuza kuwa mjanja wa pwani yote hii. Nani aliyelipitisha? Kwa kanuni gani? Na kama Abunuwasi ameingia, mwimbaji wetu Siti binti Saad anaweza? Mshairi Kamange wa Pemba je? Maswali haya yana majibu ya wazi. Tatizo ni kwamba yamefunikwa na mkanganyiko, na sehemu kubwa ya mkanganyiko huo inaletwa na watu wanaouza nyota.

Nianze na hao, maana ndio wanaowafikia watu kwanza. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayejiandaa kuoa, alinijia barazani na cheti alichokinunua kwa intaneti. Karatasi nene, pembezoni nakshi ya rangi ya dhahabu, katikati jina la mchumba wake, chini yake tarakimu zinazoonesha mahali nyota ilipo, na ramani ndogo ya anga yenye kiduara chekundu. "Ami," akaniuliza, "nyota hii sasa si ndiyo inaitwa jina lake?" Nilimwambia kama ilivyo: nyota ipo, na tarakimu zile ni zake kweli, lakini jina halipo popote isipokuwa kwenye karatasi ile na kwenye daftari la aliyeiuza. Hakuna mwanafalaki, yaani mwanasayansi wa nyota na sayari, atakayelitumia, hakuna ramani itakayoliandika, na muuzaji mwengine anaweza kesho kuiuza nyota hiyo hiyo kwa mtu mwengine. Ni sawa na kununua kiwanja kwa mtu asiye na hati. Alisikitika, nami nilisikitika naye, kwa sababu nia yake ilikuwa njema na fedha zilikuwa za jasho lake.

Mamlaka inayotambulika duniani kwa jambo hili ni Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, unaojulikana kwa herufi IAU, ulioundwa mwaka 1919 na wenye makao yake Paris. Hauuzi majina. Ndani yake zimo kamati: moja ya nyota, moja ya kreta, milima na mabonde ya sayari na miezi, nyengine ya asteroidi, yaani yale mawe madogo yanayolizunguka Jua. Kila moja ina masharti yake, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Jina linalokubalika kwenye asteroidi linaweza kukataliwa Utaridi, na mtu anayestahiki Utaridi hana njia ya moja kwa moja ya kupewa nyota.

Nyota zenyewe ndizo zenye mlango mwembamba. Kamati yake iliundwa mwaka 2016 tu, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kurasimisha majina yaliyokwisha kutumika kwa karne nyingi, mengi yao ya Kiarabu: Aldebaran, Rigel, Vega, Altair. Sisi pia tulikuwa na yetu. Wakulima wa pwani waliitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota, wakajua msimu, ndio wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota zilizobaki, ambazo hazihesabiki, karibu zote zina namba za orodha tu, mfano HD 149143. Namba hiyo nimeitaja kwa makusudi. Nitairudia, kwa kuwa leo nyuma yake amesimama mshairi.

Ndani ya familia ya Jua letu mambo huenda kwa mada. Kila sayari na kila mwezi umepangiwa aina ya majina, na aina hiyo haivukwi. Kwenye Zuhura karibu majina yote ni ya wanawake: kreta kubwa hupewa wanawake mashuhuri, ndogo hupewa majina ya kawaida ya wanawake kutoka lugha mbalimbali. Mwezi wetu ni wa wanasayansi zaidi. Fasihi nayo ina sehemu zake, na ya zamani kuliko zote iko kwenye miezi ya Uranusi.

William Herschel aliigundua Uranusi mwaka 1781, akataka iitwe kwa jina la Mfalme George III wa Uingereza. Nje ya Uingereza hilo halikukubalika, na jina la Uranusi, kutoka hekaya za Wayunani, ndilo lililoshinda. Herschel huyo huyo aliona miezi yake miwili mwaka 1787, na William Lassell akaongeza miwili mwaka 1851. Ilipofika zamu ya kuipa majina, John Herschel, mtoto wa William, aliachana na wafalme na miungu akaingia maktabani. Titania na Oberon aliwatoa kwa Shakespeare, Ariel na Umbriel kwenye shairi la Alexander Pope. Tangu siku hiyo kila mwezi mpya wa Uranusi hutafutiwa jina kwa waandishi hao wawili. Chombo cha Voyager 2 kilipopita huko mwaka 1986 kilionesha miezi mengine midogo, na mmoja ukaitwa Portia. Aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, anamjua: ndiye binti aliyevaa mavazi ya mwanasheria akaingia mahakamani kumwokoa Antonio. Prospero, Caliban na Sycorax nao wako huko, na aliyesoma Tufani ya S. S. Mushi ameshakutana nao kwa Kiswahili.

Miezi ya Mirihi ina kisa kifupi kinachonipendeza. Mwandishi Jonathan Swift aliandika mwaka 1726 kwamba Mirihi ina miezi miwili, wakati hakuna aliyekuwa ameiona hata mmoja. Asaph Hall aliigundua mwaka 1877, na kweli ilikuwa miwili. Kwenye mdogo wao, Deimos, kuna kreta mbili zenye majina: moja Swift, nyengine Voltaire, ambaye naye alikuwa ameitaja miezi hiyo hadithini.

Lakini sehemu inayotugusa sisi moja kwa moja ni Enceladus. Huu ni mwezi wa Zohali, mdogo, kipenyo chake kiasi cha kilomita 500, umefunikwa barafu nyeupe pepe. Mada yake ni Alfu Lela Ulela. Zipo kreta za Sindbad, Aladdin, Ali Baba, Shahrazad na mdogo wake Dunyazad. Kwenye ncha ya kusini kuna mipasuko minne mirefu sambamba, nayo imepewa majina ya miji ya hadithi hizo: Alexandria, Cairo, Baghdad na Damascus. Chombo cha Cassini kiligundua mwaka 2005 kwamba kutoka kwenye mipasuko hiyo hufoka mvuke wa maji na chembe za barafu mpaka angani, dalili ya bahari iliyojificha chini ya barafu. Ndiyo maana wanasayansi wanaotafuta mahali penye uwezekano wa uhai nje ya Dunia huutaja mwezi huu kila mara, na kila wanapoutaja hutamka majina ya Alfu Lela Ulela.

Sasa angalia kanuni inavyosema. Haisemi tu kwamba majina ya Enceladus yatoke kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela. Inataja yatoke kwenye chapa ya Burton. Huyo ni Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja Disemba 1856 pamoja na John Speke, akazunguka pwani, akaingia bara mwaka uliofuata kutafuta chanzo cha Nile. Kuhusu mji wetu aliandika juzuu mbili zilizochapishwa mwaka 1872, zenye maelezo mengi ya manufaa kwa mwanahistoria na maneno mengi ya dharau kwa watu wa hapa, na dharau hiyo haifai kufichwa. Tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela ilianza kutoka mwaka 1885. Hadithi zenyewe zilikuwa zikisimuliwa vibarazani vya Unguja, Mombasa na Lamu bila kumngoja yeye. Sindbad wa pwani hii husimuliwa na watu waliojua dau linavyokwenda na kaskazi na linavyorudi na kusi. Hata hivyo, kilichokwenda Zohali ni kitabu, kwa sababu kamati ilihitaji kitu kinachoweza kufunguliwa ukurasa, jina likakaguliwa, tahajia ikathibitishwa.

Hili ndilo fundo ninalotaka kulifungua kuliko mengine yote. Watu wengi hudhani majina ya angani ni ya walioshinda dunia kwa nguvu, na kwamba sisi hatumo kwa sababu tu ni wadogo. Upo ukweli ndani yake, kwani kwa muda mrefu waliokaa kwenye kamati walitoka Ulaya na Marekani na wakachagua walichokisoma wao. Lakini kanuni za leo zinataka majina yagawanywe kwa uadilifu baina ya mataifa, makabila na jinsia. Kinachozuia zaidi ni kwamba jina huombewa kwa ushahidi ulioandikwa, na sisi tumekuwa wepesi wa kusema na wazito wa kuchapisha. Miaka michache tu baada ya Burton kupita hapa, Askofu Edward Steere alikaa Unguja akaandika hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa, kwa Kiswahili chao, akazichapisha London mwaka 1870. Ndani yake yumo Sultani Darai. Kitabu cha namna hiyo kingeweza kuwa chanzo cha majina kama chapa ya Burton ilivyokuwa. Sifa inayotakiwa kinayo: kimechapishwa, kina tarehe, na kinapatikana.

Turudi Utaridi, kwa kuwa huko ndiko waandishi walikojazana. Kanuni ya kreta za Utaridi ni kwamba mwenye jina awe msanii, mwanamuziki, mchoraji au mwandishi aliyekwisha kufariki, mwenye mchango mkubwa katika fani yake, na awe ametambuliwa kwa zaidi ya miaka 50. Wamo Shakespeare, Dickens, Cervantes, Hugo, Tolstoj. Wamo pia Waafrika: Thomas Mofolo, mwandishi wa riwaya kutoka Lesotho, na Olaudah Equiano, aliyetekwa utumwani, kwa maelezo yake, akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Nigeria, akajikomboa, na mwaka 1789 akachapisha maisha yake mwenyewe.

Na yumo Al-Jahiz. Huyu alikuwa mwandishi wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 868, na miongoni mwa maandishi yake ni risala ya kutetea heshima ya watu weusi mbele ya waliowadharau. Katika risala hiyo alizungumzia Wazanji, yaani watu weusi wa pwani hii, na akataja Qanbalu na Lanjuya. Wanahistoria wengi huihusisha Qanbalu na Pemba, hasa magofu ya Ras Mkumbuu, na Lanjuya na Unguja, ambako Unguja Ukuu ulikuwa mji wa biashara wakati huo huo. Kwa hiyo mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuviandika visiwa hivi kwa majina ana kreta yake Utaridi, inayojulikana kama Al-Jāhiz. Hili halifundishwi skuli, na nadhani lingefaa kufundishwa siku ile ile wanafunzi wanapojifunza mpangilio wa sayari.

Mpenzi wa taarabu naye ana wake. Mwishoni mwa mwaka 2014 chombo cha MESSENGER, kilichokuwa kikiizunguka Utaridi, kilikuwa kinakaribia kumaliza safari yake, na wasimamizi wake wakaitisha shindano la wazi la kutaja kreta tano. Mapendekezo yalikuwa kiasi cha 3,600. Matokeo yalitangazwa siku moja kabla chombo hakijaanguka juu ya Utaridi tarehe 30 Aprili 2015. Mmoja wa walioshinda ni Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, na kreta yake inaitwa Kulthum. Mwengine ni Enheduanna, mwanamke wa Mesopotamia aliyetunga tenzi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ambaye ndiye mtunzi wa kale zaidi anayejulikana kwa jina. Nimelitaja shindano hili kwa sababu linaonesha jambo muhimu: wakati mwengine mlango hufunguliwa kwa umma, hubaki wazi muda mfupi, na wanaoingia ni waliokuwa wameshajiandaa.

Mbali kabisa, kwenye Charon, mwezi wa Pluto, kuna kreta ya Nasreddin iliyopitishwa mwaka 2018. Kile kisa cha sufuria iliyozaa, kule Uturuki husimuliwa kwa jina la Nasreddin huyu. Hivyo mshairi Abu Nuwas ana kreta karibu na Jua, na ndugu yake wa masimulizi ana yake kwenye ukingo wa mbali wa sayari.

Sasa zile nyota. Tangu miaka ya 1990 wanafalaki wamegundua maelfu ya sayari zinazozunguka nyota nyengine, na zote zilikuwa na namba tu. Mwaka 2015 IAU iliruhusu, kwa mara ya kwanza, umma upige kura kuzipa majina baadhi yao pamoja na nyota zao. Kura zilizidi nusu milioni. Jumba la maonesho ya anga la Pamplona, Hispania, likiungwa mkono na taasisi inayokuza lugha ya Kihispania duniani, lilipendekeza nyota ya Mu Arae iitwe Cervantes, na sayari zake nne ziitwe kwa wahusika wa Don Quijote, riwaya ya mwandishi huyo: Quijote, Dulcinea, farasi Rocinante, na Sancho. Walishinda. Dulcinea ndiye aliye karibu zaidi na mwandishi wake, anamzunguka kwa siku 10 hivi. Quijote anachukua siku 643. Sancho yuko nyuma kabisa, mzunguko mmoja humchukua zaidi ya miaka 11.

Nyota hiyo unaweza kuiona kwa macho yako kutoka Zanzibar, na kwa urahisi kuliko Wahispania walioipa jina, maana ipo upande wa kusini wa anga. Siku za Mwaka Kogwa, mwishoni mwa Julai, nenda Makunduchi au Kizimkazi, mahali pasipo na taa, usiku usio na mbalamwezi. Saa 3 usiku elekea kusini. Juu utaona Nge, kundi lenye mkia uliopinda kama ndoana. Shuka chini ya mkia, kiasi cha nusu ya njia kati ya upeo wa bahari na utosi. Ipe macho dakika kumi yazoee giza. Kuna nyota hafifu pale, iliyo mbali miaka 50 hivi ya nuru, yaani nuru yake huchukua miaka hiyo kutufikia, na ndiyo Cervantes. Sayari zake huwezi kuziona, na hakuna aliyeziona. Zilijulikana kwa jinsi zinavyoivutavuta nyota yao.

Mwaka 2019, IAU ilipotimiza miaka 100, kila nchi iliyotaka kushiriki ilipewa nyota moja na sayari moja. Masharti yalikuwa ya wazi: jina liwe na herufi 4 hadi 16, ikiwezekana neno moja, liweze kutamkika, lisiwe la mtu aliye hai, lisiwe la biashara, wala la mtu anayejulikana hasa kwa siasa, vita au dini. Hispania safari hii ilimchagua mshairi wa Galicia, Rosalía de Castro. Ili jina liwe neno moja likaandikwa Rosalíadecastro, herufi 15, na hiyo ndiyo HD 149143 niliyoitaja juu. Sayari yake inaitwa Riosar, mto uliomo ndani ya mashairi yake. Iran ilichukua Kaveh na Kavian kutoka utenzi mkuu wa mshairi wao Ferdowsi. Pakistan ilichagua Shama na Perwana, taa na nondo anayeizunguka, taswira ya mapenzi iliyozoeleka katika mashairi ya Kiurdu. Aliyekulia kwenye taarabu ataielewa bila kufafanuliwa. Nigeria iliita sayari yake Equiano, na hivyo mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa ana kreta na ana sayari.

Tanzania nayo ilishiriki. Nyota yetu, WASP-71, inaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Nayapenda majina yote mawili. Mpingo ni mti wa kwetu, na Tanzanite ni jiwe lisilochimbwa pengine popote. Ila siwezi kuficha kwamba ningefurahi zaidi kama tungetumia nafasi hiyo kwa mtunzi. Majirani zetu Kenya walichukua upepo na vumbi kwa Kijaluo, Kalausi na Buru, na Ethiopia ikachukua kahawa. Kila nchi ilikuwa na uhuru wake. Lugha yetu ina tenzi za karne kadhaa, na anga lina nafasi ya kutosha kwa mti, kwa jiwe na kwa malenga.

Kuhusu asteroidi sitakaa sana. Huko mgunduzi ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina, kwa muda wa miaka 10 tangu jiwe lake lipewe namba ya kudumu, na kamati hulipitisha. Herufi zisizidi 16. Mtu aliye hai anaruhusiwa, ila wanasiasa na wanajeshi husubiri miaka 100 baada ya kufa. Ndiko waliko Tolkien, Asimov na wengi wengine, na asteroidi namba 1278 na 1279, zilizogunduliwa Johannesburg mwaka 1933, zinaitwa Kenya na Uganda. Kwa mwandishi kama Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, huu ndio mlango ulio wazi leo. Utaridi humngoja mtu amalize umri wake kwanza.

Basi nani wetu anastahiki Utaridi? Nimpime Siti binti Saad kwa kanuni zile zile. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akafariki 1950: sharti la kufariki limetimia. Mwanamuziki: ndiyo. Miaka 50 ya kutambuliwa: alisafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na sahani zile ziliuzwa pwani nzima, kwa hiyo ni karibu karne. Ushahidi ulioandikwa: Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na sahani zenyewe zimehifadhiwa. Siasa au dini: hapana, alikuwa mwimbaji. Hata kwa sayari za mbali angefaa. Sitibintisaad ni herufi 13.

Kamange, yaani Ali bin Said wa Pemba, aliyefariki 1910, na mwenzake Sarahani bin Matwar, aliyefariki 1926, wana hoja yenye nguvu tangu mwaka 2011, pale mashairi yao na habari zao zilipotolewa kitabuni chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Kabla ya hapo ombi lao lingeegemea nakala za mkono na kumbukumbu za wazee wa Chake na Wete. Kwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, kadhi wa Zanzibar wa karne ya 19 aliyekuwa pia mshairi, kazi ni ngumu kidogo: mwombaji itabidi aoneshe kwa ushahidi kwamba anaombewa kwa ushairi wake na wala si kwa ukadhi, maana kanuni inakataa majina yenye uzito wa kidini. Washairi wengi wa Kiswahili wa zamani walikuwa masheikh, kwa hiyo kikwazo hiki kitatukabili mara nyingi, na kinahitaji mtu anayejua fasihi na anayejua kuandika hoja. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyetutoka mwaka 2021, ni wa miaka ya mbele, sharti la miaka 50 litakapotimia.

Lipo sharti jengine ambalo halihusu fasihi. Kreta haipewi jina kwa sababu tu kuna mtu wa kuenziwa. Hupewa pale wanasayansi wanapoihitaji katika kazi zao, wakachoka kuandika "kreta ya upande wa kusini wa ile nyengine". Mtu yeyote anaweza kuwasilisha pendekezo kwa kamati, na likikubalika huwekwa akiba mpaka ipatikane kreta ya kupewa, bila ahadi ya lini. Ndiyo maana wakati una maana kubwa. Chombo cha BepiColombo, kilichorushwa Oktoba 2018 na mashirika ya anga ya Ulaya na Japani, kimepangiwa kuanza kuizunguka Utaridi Novemba 2026. Kitaleta picha za karibu kuliko zilizopo, na kreta zitakazohitaji majina zitakuwa nyingi.

Pendekezo lenyewe halina ukubwa wa kutisha: jina kamili, tarehe za kuzaliwa na kufariki, fani, maelezo mafupi ya mchango, na vyanzo vilivyochapishwa. Kurasa mbili zinatosha. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) ina watu wa kuziandika, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) lina hadhi ya kuzitia mhuri, na walimu wa fizikia wa skuli zetu wanaweza kuongoza upande wa falaki. Ningependa jina la kwanza kwenye bahasha hiyo liwe la Siti, kwa kuwa ushahidi wake uko tayari, na la pili liwe la Kamange.